Siku Moja Ujiji: Tuliyoonyeshwa na Tuliyouliza



Mnakumbuka kwamba kikundi kilituma wamama sita kwenda Kigoma kununua vitu vya duka letu la pamoja: sabuni, sukari, ndoo, sahani za plastiki na vitenge. Hesabu ya safari mmekwisha kuisikia kwenye mkutano, hatutairudia hapa. Lakini tangu turudi Baraka, kila tunapopita sokoni tunaulizwa swali lingine: "Eti ni kweli mlitembezwa kama watalii?"

Ni kweli. Upepo wa kusini ulikuwa mkali, mwenye boti akakataa kupakia, na sisi tukabaki na siku nzima bila kazi. Mizigo ilikuwa imefungwa, watoto walikuwa wameachwa kwa majirani, na kukaa chini kutazama mawimbi hakumsaidii mtu. Ndipo mmoja wetu aliposema, "Tumevuka kuja huku mara ngapi, na Ujiji hatujawahi kuiona kwa macho?" Tukachanga nauli, tukaenda. Hatukugusa feza ya duka, wala msiwe na wasiwasi.

Kabla ya kueleza tulichoona, tuseme kwanza sisi sita ni nani mbele ya mji ule. Wanne wetu tulikimbilia Tanzania wakati wa vita vya 1996 na miaka iliyofuata. Tuliishi kambini, wengine Lugufu, wengine Nyarugusu. Tulizaa huko, tukazika huko, tukafundishwa kushona huko. Lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Kwa hiyo Kigoma tuliyoijua ilikuwa bandari, lori, na mstari wa kupewa unga. Tulikaa mkoani Kigoma miaka mingi kuliko mtoto anavyokaa shule ya msingi, na mji wenyewe tuliuona mara mbili tu: siku ya kufika na siku ya kupandishwa meli kurudi, wakati safari za kurudisha watu Baraka zilipoanza mwaka 2005. Mwenzetu wa tano ni mchuuzi, anavuka kila mara, lakini anajua maduka tu. Wa sita alikuwa hajawahi kuvuka ziwa maishani mwake. Basi kwa wote sita, kulipa kiingilio na kuambiwa "karibuni, tazameni" kilikuwa kitu kipya.

Kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji si mbali, haifiki kilomita 10. Tulipanda daladala. Barabara ina miembe mikubwa ya kale, na nyumba ni za udongo na za matofali, na baraza mbele ambapo wamama wanauza maandazi na dagaa. Ukifumba macho usikilize tu, utadhani uko Baraka. Dagaa ni wale wale. Samaki ambaye sisi tunamwita mukeke, wao wanamwita mgebuka. Sombe yetu kwao ni kisamvu. Mafuta ya mawese yanauzwa kwenye chupa zile zile, na rangi ni ile ile.

Mlangoni pa jumba la makumbusho tuliulizwa kama sisi ni wenyeji au wageni, maana bei si moja. Swali hilo lilituchekesha, halafu likatunyamazisha kidogo. Mchuuzi wetu ndiye aliyejibu: "Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tuhesabu ulivyoelekezwa." Tukahesabiwa, tukalipa, tukaingia.

Aliyetuongoza alikuwa kijana mwenye adabu. Alitusalimu, "Shikamooni mama zangu," na hapo mara moja ikajulikana nani alikulia kambini na nani hakukulia: wanne tuliitikia "Marahaba" kwa haraka, wawili wakasema "Ndiyo, mwanetu." Matembezi yenyewe yalikuwa ya saa moja na nusu. Tutawapeleka kituo kwa kituo.

Kwanza alituonyesha njia. Ukiiona utasema ni njia ya kawaida, lakini hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa barabara ndefu ya misafara. Ilitoka Bagamoyo kwenye bahari, ikapita Mpwapwa na Tabora, ikafika ziwani Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Mtu mwenye mzigo kichwani alitembea miezi mitatu au zaidi. Vitambaa, shanga na bunduki vilikuja huku. Pembe za ndovu na watu walipelekwa kule. Tangu 2006 Tanzania imeiandika njia hiyo kwenye orodha ya mahali inapotaka UNESCO ipatambue, na Ujiji ni mojawapo ya vituo vyake.

Kisha alituambia kuhusu miembe. Mwembe si mti wa huku tangu mwanzo. Asili yake ni India, ukafika pwani ya Afrika kwa vyombo vya wafanyabiashara, na kutoka pwani ukaifuata njia ya msafara hadi ziwani. Mmoja wetu, ambaye ana miembe mitatu kwenye lupango yake Baraka, alisimama akiutazama mti kwa muda mrefu. Embe tunayowapa watoto wakitoka shule imetembea safari ndefu hivyo, na wenzetu wengi walitembea njia hiyo hiyo, ila wao hawakutaka.

Kituo cha pili ndicho kinachowaleta wageni wengi. Kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika, uliojengwa mahali paliposimama mwembe wa zamani. Mwembe wenyewe ulikufa, na miti iliyopo sasa inasemwa ilitokana nao. Hapo, kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, tarehe 10 Novemba 1871, mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Scotland, ambaye watu wa Ulaya walikuwa hawajui kama yu hai. Ndani ya jumba kuna sanamu za watu hao wawili, kila mmoja ameinua kofia kumsalimu mwenziwe. Kijana alitueleza salamu ile fupi ambayo dunia nzima inaijua, ya mtu kuuliza kwa heshima kama mwenziwe ndiye Daktari Livingstone, wakati hapakuwa na Mzungu mwingine wa kumdhania. Tulicheka. Mwenzetu mmoja alisimama katikati ya sanamu, tukampiga picha. Anafanana na mama mkwe anayewapatanisha.

Hapo ndipo wageni wengi hupiga picha zao na kuondoka. Sisi tulikuwa na maswali.

Swali la kwanza lilitoka kwa yule ambaye hajawahi kuvuka: "Mwanetu, huyu mzee alikuwa anatoka wapi siku aliyofika hapa?" Kijana akajibu, "Alikuwa anatoka kwenu, mama." Tukakaa chini kwenye ukingo wa mnara ili atueleze vizuri.

Livingstone alikuwa ametoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, ndani ya nchi ambayo leo ni Congo yetu. Alikuwa amefika Nyangwe, mji wa soko kando ya mto Lualaba. Soko la Nyangwe lilikuwa soko la wamama. Walikuja kutoka vijiji vya pande zote mbili za mto, na mitumbwi, na vikapu vya samaki, mihogo, kuku, chumvi na vyungu. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya joto, walikuwa sokoni watu kama 1,500 kwa makadirio yake, wengi wao wanawake. Watu wenye bunduki wa msafara wa wafanyabiashara waliingia, wakaanza kugombana kwa sababu ya bei ya kuku, halafu wakafyatua risasi. Wamama walikimbilia mtoni. Mitumbwi ikajaa, ikazama. Waliokufa, kwa risasi na kwa maji, walihesabiwa kuwa kati ya 300 na 400. Livingstone alikuwa pale, akaona, na alikuwa na kalamu. Hakuweza kuendelea kukaa na watu wale. Akageuka, akarudi Ujiji akiwa mgonjwa, akakuta hata vitu alivyokuwa ameletewa vimeuzwa na mtu aliyeaminiwa kuvitunza. Siku chache baadaye Stanley akafika. Barua za Livingstone kuhusu Nyangwe zilipelekwa Ulaya, zikasomwa, zikaongeza nguvu ya wale waliomsukuma Sultani wa Zanzibar hadi soko la watumwa la Zanzibar likafungwa mwezi Juni 1873.

Wamama, hatukupiga picha hapo. Sisi ni watu wa soko. Tunajua sauti ya soko asubuhi, na tunajua sauti ya soko watu wanapoanza kukimbia. Hakuna hata mmoja wetu sita ambaye hajawahi kuacha beseni lake chini na kushika mkono wa mtoto. Mmoja alisema taratibu, "Kwa sababu ya kuku." Hatukuongeza neno.

Swali la pili lilikuwa hili: katika hadithi hiyo wote wana majina, Livingstone ana jina, Stanley ana jina, hata gazeti lina jina. Wengine je? Kijana alifurahi kuulizwa. Alitutajia Susi na Chuma, watu wa Livingstone. Susi ndiye aliyetoka mbio kumpokea Stanley. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ni wao pamoja na wenzao walioukausha mwili wake na kuubeba miezi mingi hadi Bagamoyo. Alitutajia pia Halima, mpishi wa Livingstone pale Ujiji. Siku Stanley alipofika, Halima ndiye aliyehangaika: mgeni mkubwa amekuja, chakula ni kidogo, nyumba ya bwana wake ni ya kimaskini, na yeye ndiye atakayeaibika. Sasa hapo tulimjua mtu! Mkutano wa kofia mbili umeandikwa kwenye vitabu vya dunia yote, lakini tukimfikiria Halima jikoni akihesabu mayai na kupuliza moto, tunajua kwamba bila yeye wale wawili wangesalimiana halafu wakalala njaa.

Swali la tatu lilikuwa letu hasa. Nyuma ya mji wa Baraka, ghuba yetu, hii iliyofunikwa na rasi ya Ubwari, kwenye ramani inaitwa Ghuba ya Burton. Watoto wetu wanaiandika hivyo shuleni. Ni nani huyo Burton? Kijana akasema alifika Ujiji Februari 1858 pamoja na mwenziwe Speke, wakiwa Wazungu wa kwanza kuliandikia habari ziwa hili. Mwezi wa nne mwaka huo walikodi mitumbwi mikubwa, wakapandisha hadi Uvira kutafuta kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Njiani walipita Ubwari, na Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Mwenzetu aliyezaliwa Ubwari alicheka hadi machozi. "Mtu amepita mlangoni kwangu, hajajua hata kama nyumba imeshikana na lupango, na ghuba inapewa jina lake!" Kuhusu Rusizi, jibu walilipata baadaye Livingstone na Stanley, walipokwenda pamoja kaskazini mwishoni mwa mwaka 1871 wakaona kwamba mto unaingia ziwani. Wavuvi wa Uvira wangeweza kuwaambia hivyo siku ya kwanza.

Kituo cha mwisho kilikuwa ziwa lenyewe. Mwaka 1871 maji yalikuwa karibu na ule mwembe. Leo unatembea kidogo hadi ufike pwani. Kijana alieleza kwamba miaka ya 1870 ziwa lilipanda sana, hadi maji yakabomoa kizuizi cha tope na majani kwenye mto Lukuga, kule Kalemie, yakapata njia ya kutoka, na ziwa likashuka. Tulimwambia kwamba miaka hii ziwa limepanda tena, limekula nyumba Uvira na Kalemie na pwani yetu. Akasema na kwao bandari iliingiliwa na maji. Ziwa ni moja, likivimba linavimba kwa wote.

Pwani ya Ujiji mafundi wanachonga na kujenga boti za mbao kwa mikono, kama wankambo wao walivyofanya. Kelele ya nyundo, harufu ya mbao mbichi, watoto wanaogelea. Pale tulikuwa tunaongea wenyewe kwa wenyewe kwa Kibembe. Mama mmoja mzee aliyekuwa anaanika dagaa akainua kichwa, akatujibu kwa Kibembe. Kilikuwa Kibembe cha zamani, chenye Kiswahili cha Ujiji ndani yake, lakini tulimwelewa. Akasema wazee wake walitoka Ubwari. Huko Ujiji, alisema, watu wa ng'ambo wote waliitwa Wamanyema: Wabembe, Wagoma, Wabwari na wengine wengi waliotoka ndani zaidi. Baadhi walikuja kuvua na kufanya biashara. Baadhi walikuja na misafara kama wapagazi. Na baadhi waliletwa wamefungwa.

Tulimwuliza kwa upole, "Na wazee wako, mama, walikuja namna gani?" Akatutazama, akageuza dagaa wake upande wa pili. "Hilo hapa hatuulizani," akasema. "Mtu akikuuliza nkambo wako alikuja kwa mguu wake au kwa kamba, ujue anatafuta neno la kukutukana."

Kijana wetu, kwa kutaka kusaidia, akasema, "Ni kweli, bibi zenu wengi walipita hapa." Mwenzetu akamrekebisha, "Mwanetu, kwetu bibi ni mke wa mtu. Sema wankambo." Tukacheka wote, hata yule mama. Lakini neno lake tulirudi nalo.

Jioni tulipitia kituo cha treni cha Kigoma, jengo zuri lililojengwa na Wajerumani, ambao reli yao ilifika pale mwaka 1914. Tukaiona bandari ambako meli Liemba imefanya kazi maisha yake yote. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku kwa meli na treni, ikateremshwa majini Kigoma 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isiangukie mikononi mwa adui, Waingereza wakaitoa chini ya maji, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa uliikodi kurudisha wakimbizi waliotoka kwetu. Na kutoka pwani hii hii, Aprili 1965, Che Guevara alivuka usiku kwenda Kibamba, huku kwetu Fizi, akakaa milimani miezi saba, kisha mwezi wa Novemba akavuka kurudi. Wengi wamepita kati ya pande hizi mbili: wenye bunduki, wenye vitabu, wenye ndoo. Sisi ni wenye ndoo.

Usiku ule, kwenye nyumba ya wageni, hatukulala mapema. Tulibishana, na tunawaandikia mabishano hayo kwa sababu ndiyo tuliyorudi nayo, zaidi ya picha.

Mmoja wetu, ambaye tunakaa naye kikundini miaka mingi, alitueleza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Nkambo wa mama yake aliuzwa akiwa msichana, akapelekwa ng'ambo, na baada ya miaka akarudi Fizi na mtoto mgongoni. Alipokelewa, akapewa shamba. Lakini kila palipokuwa na ugomvi wa shamba au wa mahari, kuna mtu alikumbusha kwamba mtoto yule hakuwa na ukoo. Neno hilo lilimfuata mama yake. Lilimfuata na yeye, siku ya posa yake. "Miaka zaidi ya mia," alisema, "na kamba ile bado inavutwa."

Mwingine akasema: basi yafukiwe. Wenye kujua wamekufa, kwa nini tufumbue? Mama wa dagaa ameonyesha hekima, tusiulizane. Tulimwelewa. Kuna vidonda ambavyo mtu ana haki ya kuvifunika.

Wa tatu akajibu kwamba hayajafukiwa, yamefukiwa kwa wenye kuumia tu. Wenye kutukana wanayakumbuka vizuri sana. Akatukumbusha namna watoto wetu waliozaliwa Lugufu na Nyarugusu walivyopokelewa tuliporudi. Waliitwa "Watanzania." Walichekwa kwa Kiswahili chao na kwa kutojua Kifaransa. Na leo kuna wasichana wanaorudi kutoka msituni, walioshikwa na watu wenye silaha, wamebeba watoto ambao hawakuwaomba. Tunajua wanavyoitwa sokoni. Tusidanganyane kwamba ni wanaume tu wanaowaita hivyo. Ni kwenye mistari ya maji, ni kwenye vibanda vya kusuka nywele. Yule nkambo aliyerudi na mtoto mgongoni anarudi Baraka kila mwaka, na sisi ndio tunaosimama mlangoni.

Hatukumaliza ubishi. Aliyesema yafukiwe bado anasema hivyo, na tunamheshimu. Lakini kuna jambo moja tulilokubaliana wote sita kabla taa haijazimwa, na tunalileta kwenu: neno la kumfanya mtoto asiwe na ukoo kwa sababu ya njia ambayo mama yake alipitishwa, lisisemwe kwenye mikutano yetu, wala kwenye vibanda vyetu. Anayelisikia amwambie mwenziwe taratibu, pembeni, bila kumwaibisha. Haihitaji feza, haihitaji mradi.

La pili, kwa wale wanaopenda. Tuna wamama wazee kati yetu wanaojua mambo ya kuvuka na kurudi, ya 1964, ya 1996, na ya mbali zaidi waliyosimuliwa na wakubwa wao. Livingstone aliandika ya Nyangwe kwa sababu alikuwa na kalamu. Wamama waliookoka mtoni hawakuwa nayo. Sisi tunayo. Tunapendekeza kila Jumamosi, baada ya kuhesabu akiba, mzee mmoja anayetaka mwenyewe asimulie, na msichana mmoja anayesoma sekondari aandike kwenye daftari la kikundi. Asiyetaka asiulizwe. Asiyetaka jina lake liandikwe, lisiandikwe. Daftari tumeshanunua Kigoma, jekundu, lenye kurasa 200, na hilo pia hatukulitoa kwenye feza ya duka.

Mwisho, kwa wenye kupanga safari, maana tumeulizwa. Chukueni karatasi za kupita kabla ya siku ya safari, msingoje asubuhi ya boti. Bebeni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, inaulizwa. Vaeni jaketi la kuelea hata kama vijana wanawacheka. Badilisheni feza kidogo kidogo, mkiwa wawili. Kwa Ujiji, nendeni asubuhi kabla ya jua kali, vaeni viatu vya kutembelea, na mwombeni kijana asiishie kwenye sanamu. Mwulizeni habari za Nyangwe. Mwulizeni habari za Halima. Ana majibu, anangoja tu aulizwe.

Na mkifika pwani, mkimwona mama mzee anayeanika dagaa, msalimieni kwa Kibembe. Msimwulize alikotoka. Nunueni dagaa wake. Sisi tulinunua debe zima, na ndio mliokula kwenye mkutano mkasema ni watamu.